Sauti Nyuma ya Mlango wa Bi Funguo

Dada yangu kipenzi,

Pokea kwanza salamu zangu, nyingi, zijae hicho chumba unachokaa mpaka mkose pa kuweka viti. Shingo inaendeleaje? Kidonda kimefunga? Mkwe wako dereva aliponipitia juzi alisema unakunywa uji tu na ukiletewa supu unanuna. Nikacheka, nikamwambia kama kununa bado anaweza basi huyo si mgonjwa. Na mjukuu wetu, ameshaota meno? Mbusu mashavu yote mawili, umwambie ni ya bibi yake mdogo. Mimi ni mzima, ila mgongo ndio ule ule. Cherehani na mimi tumezeeka pamoja, na hakuna anayemtia mwenzake mafuta.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu umeizima tangu utoke hospitali, na wala sikulaumu. Watu walikuwa wanapiga wakitaka Bi Funguo wao wa televisheni awafokee kidogo wafurahi, hawajui aliyeshika simu hana sauti ya kusema hata haloo. Mwanao ameniambia televisheni nayo umeifunika shuka, na mtu akiisogelea unamtupia lile jicho. Kwa hiyo hujui yaliyotokea kwenye mchezo wetu wa Vyumba Sita tangu uondoke. Nataka uyasikie kwangu, kwa sababu moja linanihusu mimi, na mwisho kabisa nina ombi. Tafadhali usiichane barua kabla hujafika huko. Hasira zako nazijua, nimezila tangu utotoni.

Basi. Ulipoondoka, mwongozaji alikaa wiki nzima akitafuna kalamu, si unamjua. Halafu akamleta msichana kutoka kwenye matangazo ya sabuni, mzuri wa sura, mwembamba, avae kilemba chako awe Bi Funguo mwenye nyumba. Wakanipa gauni lako la maua nilipunguze kiuno. Nikawaambia kitambaa kimechoka, nikitia mkasi litachanika lote. Uongo mtupu, kitambaa kile kitatuzika sisi wote. Nikamshonea lake jipya, lako nikalirudisha kabatini.

Weee! Kipindi kilipotoka tu, simu za kituo hazikupumua. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma meseji, ati kwa kuwa wenye mavazi hatuna shughuli. Muuguzi mmoja aliandika kwamba Bi Funguo tangu azaliwe hajawahi kubisha hodi kwa mpangaji, yeye huingia, sasa huyu anayegonga kwa kidole kimoja ametokea wapi? Fundi umeme mmoja akalalamika kuwa kilemba kimefungwa kama cha mtu anayekwenda kupigwa picha. Mwingine alihesabu "tafadhali" ngapi zimesemwa, akataka kujua Bi Funguo anaumwa nini. Halafu kuna mama aliyeandika kwamba mumewe alizima televisheni kwa hasira, wakakaa wakazungumza kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Anatushukuru kwa hilo, lakini Bi Funguo wa kweli arudishwe upesi, maana mazungumzo yenyewe yameisha.

Badala ya kutulia, mwandishi akazidi kuharibu. Akaona kama binti hawezi ukali, basi Bi Funguo abadilike, awe mpole. Akamwandikia anawapelekea wapangaji chai, anawauliza wamelalaje, analia kwenye kipindi cha mtoto wa chumba cha nne. Jamani! Watu wakauliza kama amerogwa. Yule binti alikuja kulia kweli kwangu, amekaa juu ya boksi la viatu, rangi ya macho inamtiririka mpaka kidevuni. Alisema amekua akikutazama wewe, na kila akifungua mdomo anakusikia kichwani anakwama. Nikampa kitambaa na chai. Si mtoto mbaya, Dada, usimchukie. Kesho yake hakurudi.

Hapo ndipo wakubwa walipojiona wana akili. Mwandishi akatunga kwamba Bi Funguo amegombana na wapangaji wote, amejifungia chumbani kwake, funguo zenyewe hajui kaziweka wapi, na marufuku mtu kuvunja mlango. Fundi wa sauti akapewa kazi ya kuchambua vipindi vya nyuma, achukue maneno yako moja moja, yachezwe nyuma ya mlango wakati wapangaji wanabembeleza. Walipeana mikono kama watu waliomaliza kazi. Walisahau watazamaji wale ni watu gani. Wapo walioanza kukutazama wakiwa wananyonya, leo wana watoto.

Hata kipindi hakijaisha, meseji zikaanza kumiminika. Hiyo "toka na viatu vyako" ni ya siku ya harusi ya mpangaji wa juu, mnatudanganya. Kikohozi hicho ni cha kipindi cha mafua. Kipande kimoja kilikuwa na mvua nyuma yake, fundi hakuisikia, basi Bi Funguo anafoka chumbani kunanyesha na huku kwenye korido wapangaji wamesimama wakavu. Tulichekwa! Watoto wa shule wakafanya mchezo, wanataja neno na kipindi lilikotoka. Nilicheka na mimi, nisikufiche. Kisha nikafungua meseji ya mzee mmoja. Aliuliza kwa adabu tu, kama Bi Funguo amefariki tuwaambie, wamlie, tusiwachezee sauti ya marehemu. Nikaiweka simu mezani. Siku ile sikushona kitu tena.

Sasa nakuja kwenye langu.

Ilikuwa siku ya kurekodi, ukumbi umejaa watu. Mimi nilikuwa nyuma ya ule mlango, si unajua stendi ya nguo inakaa pale pale, napanga makoti. Mpangaji wa chini akagonga, akasema maneno yake ya kubembeleza, akangoja. Kimya. Mashine imekufa. Nikamwona fundi wa sauti anapigapiga vitufe huku jasho linamtoka. Mpangaji wa chini akagonga tena, akarudia maneno yale yale, na sauti yake ilishaanza kutetemeka, maana masikini yule mtu bila wewe kumjibu hajui afanye nini na mikono yake. Nikamwonea huruma. Mdomo ukanifunguka wenyewe. Nikamuuliza kama mlango wangu ni ngoma, na kama ni ngoma, mbona hachezi?

Dada! Watu wakainuka kwenye viti, wote, wanapiga makofi, wanapiga miguu chini, wanaita kwamba amerudi, amepona. Mpangaji wa chini alilia pale pale mbele ya kamera, na hakuandikiwa kulia.

Mimi na wewe tunajua. Tangu tukiwa wasichana hakuna aliyeweza kututenganisha kwa sauti. Baba alikuwa anaita kutoka chumbani tunaitikiana, hajui nani yuko na nani katoroka. Marehemu shemeji alinimwagia mapenzi yake yote kwenye simu, ameshafika kwenye kuapa, ndipo nikamuuliza anataka kuzungumza na mimi au nikuite wewe jikoni. Mpaka anaoa alikuwa akisikia sauti yangu anaangalia chini.

Basi ndiyo hivyo. Sauti iliyo nyuma ya mlango ni yangu, kila wiki tangu siku ile. Kituo hakijasema kwamba ni wewe, ila hakijasema pia kwamba si wewe. Nimemwambia mwongozaji awaeleze watu ukweli, akasema tungoje kidogo, tungoje kidogo. Na mimi nikangoja, sikupiga kelele.

Kisha juzi mkwe wako, anakunywa chai yangu, ananisimulia kama jambo la kuchekesha kwamba jirani yenu alikuletea keki, kukupongeza kwa kurudi kwenye televisheni na sauti imepona. Kwamba ulimtazama tu, ukaingia chumbani, ukajifungia mpaka keki ikaliwa na watoto. Mkwe wako hakujua anasimulia nini. Mimi nilijua. Nikaacha chai, nikatoka nje nikasimama karibu na lori lake kama mwizi. Nisamehe, Dada. Si haki mtu apongezwe kwa kitu alichokatwa.

Lakini nikuambie na kwa nini sikuacha, maana ungeniuliza. Siku ya kwanza nilisema kwa ajili ya mpangaji wa chini. Zilizofuata zote nimesema kwa ajili yangu. Fundi wa sauti hunivalisha vile vidude vya masikioni nijisikie ninaposema, na nikisema sijisikii mimi, nakusikia wewe. Nakusikia unaniita nilete sindano. Nakusikia unanigombeza nimeacha taa inawaka. Watu wanadhani hamu wanayo wao. Wao wanamtaka Bi Funguo, mimi namtaka dada yangu. Nikivua vile vidude kunakuwa kimya, narudi nyumbani na kimya changu. Nina hamu na wewe, jamani, hamu ya kusikia umenikosoa hata kama sijakosea.

Sasa ombi. Watazamaji wamechoka na mlango, wanataka ufunguliwe. Mwongozaji anataka nivae kilemba nitoke mimi. Nimekataa. Nikitoka wataona kabla sijameza mate, mimi nina miguu ya bata na sijui kusimama. Tena funguo hazipo. Walizitafuta studio nzima, wakaniuliza, nikaapa sizijui ziliko. Nilijua. Siku unaondoka nilikuona ukizifunga kwenye leso, funguo za nyumba ya mama, zile ulizovaa kiunoni tangu kipindi cha kwanza, zikitangulia kulia kabla hujaonekana. Nilifurahi umezichukua. Nilijiambia mtu aliyemaliza kabisa asingebeba funguo.

Wameninunulia nyingine, mpya, nazitikisa nyuma ya mlango. Hakuna aliyelalamika ila mtu mmoja. Mwenyewe anasema haoni tangu utotoni, na Vyumba Sita huwa anaisikiliza tu, mkewe akimweleza nani kavaa nini. Aliandika hivi, nimekariri: huyo dada anayesema nyuma ya mlango mpeni pongezi, anafanya vizuri sana na ninadhani anampenda Bi Funguo mwenyewe, lakini funguo si zile, na sisi huku tunamngoja mwenye funguo.

Nilimpelekea mwongozaji ile meseji. Safari hii hakutafuna kalamu. Amekubali kwa mdomo wake kwamba ukikubali, kituo kitawaambia watu ukweli wote kwanza, kwamba umepasuliwa koo, sauti haitarudi, na aliyekuwa akisema ni mdogo wako. Baada ya hapo tunarekodi. Mpangaji wa chini anagonga. Ndani hakuna anayemjibu, si wewe, si mimi, si mashine. Zinasikika funguo. Mlango unafunguka, unasimama pale mkono kiunoni, unawatazama mmoja mmoja. Basi. Husemi kitu. Siku zote vicheko vikubwa vilikuwa kwenye jicho lako, maneno yalikuja baadaye kuokota vilivyobaki. Hilo nimeliona mimi niliyekuwa nasimama nyuma na pini mdomoni.

Najua si wote watakaopenda. Wapo watakaosema Bi Funguo asiyefoka si Bi Funguo, wamemharibu, warudishe wa zamani. Waache waseme. Nitakusomea meseji zao moja moja, na kwa wale wanaostahili matusi utanionyesha kwa mkono, nitawatukana kwa niaba yako. Sauti ninayo, ni yako, itumie unavyotaka.

Na kama hutaki, sitakulazimisha. Mkwe wako atapita tena huku akirudi na mzigo. Mtikisie kichwa tu, ataniambia, na mimi nitanyamaza siku hiyo hiyo, wapangaji wagonge mpaka wachoke. Ila kama unakubali, funguo usimpe yeye. Njoo nazo mwenyewe.

Msalimie sana mwanangu, mwambie asikuchoshe na supu. Msalimie jirani wa keki pia, hana kosa. Chumba chako hapa kwangu nimekitandika, na gauni la maua nimelipiga pasi, liko kama ulivyoliacha, sijaligusa hata uzi. Ule mlango wa studio ni wa mbao nyepesi, hauna hata komeo, mtoto akiuegemea unafunguka. Lakini sasa wanapita wote mbele yake, mafundi, wapangaji, hata mwongozaji, na hakuna anayeusukuma.

Nakungoja,
mdogo wako, yule uliyemwita Mkia kwa kukufuata kila mahali