Ukuta wa Bluu

Binti yangu,

Huku hatujambo, ila mama yako analalamika kwamba siku hizi nimeoa simu. Nakushukuru sana kwa mchezo wa kujenga ulioniwekea humo. Nachuma maua, natengeneza rangi, napata matofali ya bluu. Lakini uashi haunitoki: kila nikipanga mistari mitatu, nangoja siku nzima ikauke. Juzi ulipoingia mchezoni kutoka huko uliko ukanikuta nikingoja, hukunicheka. Ulichota maji ukaumwagilia ukuta usipasuke, kama ulivyokuwa ukinisaidia utotoni.

Kuhusu kule kuanguka kwangu kazini, daktari amesema miguu hii haitapanda ngazi tena.

Jana nilimaliza paa, nikakaa juu yake kutazama mbali. Mama yako akaniita kula. Nikamjibu, "Nashuka."

Ni mimi baba yako, fundi.