Ukoka wa Uwanja wa Bibi Pelagia

Jumatatu, 2 Septemba 2024
Mungu aliumba majani siku ya tatu, akachoka, kipande kilichobaki akaniachia mimi Fidele. Leo uwanja wa bosi wangu Tharsisi hapa Kasulu umeamka mwekundu, umelala kijani. Hakuna mwingine anayeweza, kuanzia Kibondo mpaka huku. Shule niliiacha mwenyewe kidato cha pili, haikunifukuza. Walioimaliza wako kijiweni wanasubiri ajira, mimi natandika dunia.

Ukoka niliukata Kibondo juzi, kwenye nyumba ya wageni inayobomolewa. Vipande kama mikeka, na udongo wake chini. Nikatangulia huku, kenta imeuleta leo. Vibarua wawili, mimi kamanda.

Bibi Pelagia, mama yake Tharsisi, alishinda barazani kwenye kigoda anatazama. Uwanja ni wake, wa kupigia maharage. Yeye na mawifi zake waliushindilia kwa miguu mwaka walioingia kutoka Burundi, na kila msimu anausiriba upya kwa mavi ya ng'ombe. Mgumu kuliko sakafu ya benki. Jana nilipofika aliniambia, mwana wanje, yaani mwanangu, weka majani yako, ila jembe lisiingie hapa. Nikamwambia tulia Bibi, mali ya Kibondo inajishikiza yenyewe. Akacheka. Akanipakulia ugali wa muhogo, sahani ya mtu mzima.

Tharsisi karudi jioni, kanipa mkono mbele ya majirani. Nimelala stoo kwake, nitakaa mpaka ukoka ushike. Kama mfalme — mfalme anayelala na magunia.

Jumatano, 4 Septemba
Watu wanakuja kupiga picha. Abbasi mwenye duka la vifaa vya ujenzi kasimama getini, kauliza, dogo, mechi saa ngapi? Nikamwambia vua viatu kwanza, mzee. Kacheka, kasema ukishika vizuri nimtandikie na yeye mbele ya duka.

Ukishika. "Ukishika" ya nini? Nimeutandika mimi.

Ijumaa, 6 Septemba
Hasira. Kingo zimekuwa njano. Vipande vinajikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Nikasema ni kiu, nikaachia mpira wa maji. Maji hayazami! Yanateleza juu juu mpaka getini, na pale getini sasa ni tope la kuvulia kambale. Viatu vya Tharsisi vya kanisani vimekwisha. Kaniuliza, wewe unamwagilia majani au barabara? Nikamwambia bosi, majani yakihamishwa yananuna kwanza, kama wanafunzi wa bweni. Akaguna.

Na hili jembe la Bibi limeegemea ukuta wa stoo tangu Jumatatu. Nani anaacha jembe nje hivi? Kila nikipita linanikera.

Jumapili, 8 Septemba
Wote wako misa. Nimebaki na adui yangu, kuku wa jirani. Anachimbua kwenye maungio ya vipande kama kapewa mkataba. Nimemrushia ndala. Ndala imevuka ukuta, haijarudi.

Juzi nilimwaga urea. Niliona mkono wangu mwepesi, nikaongeza, nikaongeza tena. Leo katikati pana mabaka ya kahawia, kama mtu kapitisha pasi ya mkaa. Mbolea feki hiyo. Wauzaji wa siku hizi ni wezi.

Nimempigia Kipriani, yule aliyenifundisha kazi kule Kibondo. Kanicheka mpaka kakohoa. Kasema shika kona ya kipande, vuta. Ikikataa, mizizi imeshuka. Ikikubali, rudi nikufundishe upya, bwana mkubwa. Nikamwambia mtandao unakatika. Nikakata mimi.

Sivuti kona. Mgonjwa kalala, unamvuta shuka ya nini?

Jumanne, 10 Septemba
Nimempata mchawi! Alfajiri nikasikia shwa, shwa, shwa. Nikatoka stoo. Bibi Pelagia, kitenge kiunoni, kainama, anaufagia ukoka wangu. Kwa ufagio wa njiti. Kumbe kila siku, mimi nikiwa nimelala! Vipande vimesogea, kati yake panaingia kidole.

Nikasema Bibi, majani hayafagiwi. Kasema uwanja usipofagiwa wapita njia watadhani nimekufa. Nikasema waache wadhani. Hakuacha. Kafagia mpaka getini, kazoa taka zake — na nusu ya taka ni majani yangu — kaenda kuzimwaga migombani, mgongo umenyooka kama hajainama kabisa.

Nina hasira, na nimefurahi. Sababu imepatikana. Ina jina, ina kitenge.

Jumatano, 11 Septemba
Nimesema. Mbele ya Tharsisi, mbele ya mkewe, mbele ya Abbasi aliyekuja kuuliza habari za ukoka. Nimesema kwa sauti: kazi haina tatizo, tatizo ni mama. Nikawaonyesha michirizi ya njiti.

Tharsisi kauchukua ufagio, kaufungia kwenye gari. Kasema, mama, unaniaibisha mbele za watu. Bibi kanitazama mimi, halafu katazama ukutani kwenye jembe, halafu kaingia ndani.

Abbasi kanipiga bega, umejitetea, dogo. Ndiyo, nimejitetea. Ugali wa jioni umeletwa na mke wa Tharsisi. Sahani ya mtoto.

Ijumaa, 13 Septemba
Hakuna anayefagia. Kuku kafungiwa. Urea sijaigusa. Maji asubuhi na jioni, kidogo kidogo, kama dawa ya hospitali. Na bado unakufa! Unakufa huku unanitazama. Nimeupiga teke.

Tharsisi kaja kuukagua, kasema mama anafagia kwa siri. Si kweli. Nimelinda tangu adhana ya alfajiri, Bibi hajafika hata mlangoni. Nilikuwa na mdomo, sikuutumia. Mdomo huu ambao haulali.

Basi kaamua. Bibi aende Titye, kwa mdogo wake Tharsisi, Nestori, akae huko mpaka majani yashike. Bibi kauliza, yanashika lini? Wote wakanigeukia. Nikasema wiki mbili, tatu. Sijui nimezitoa wapi.

Bibi kasema kwa Nestori uwanja ni wa mchanga, hausiribiki.

Jumamosi, 14 Septemba
Bodaboda ilimfuata kabla ya chai. Kapanda upande upande, kifurushi mapajani, kigoda kimefungwa nyuma kwa mpira. Ufagio hakurudishiwa. Kaniita, kasema mwana wanje, usiache kumwagilia. Hilo tu. Kwa mwanawe hakunishtaki, na neno la kunishtaki alikuwa nalo.

Vumbi lilipotulia nikavuta kona.

Imekuja. Kipande kizima, chepesi, kama mkeka wa mtu anayehama. Chini yake sakafu ya Bibi inang'aa, haina hata ufa. Mizizi imetambaa juu yake ikitafuta mlango, ikakosa, ikajikunja ikarudi juu. Nikavuta cha pili. Hivyo hivyo. Cha getini, ambako ufagio ulipita sana, na cha pembeni, ambako haukupita kabisa — hivyo hivyo.

Tharsisi yuko getini anaegesha gari. Anapaza sauti, Fidele, sasa hafagii mtu, umeshika? Nimekaa chini ya ukuta wa stoo, kipande kiko mapajani, naandika haraka. Nikisimama bila kuandika nitamdanganya tena, najijua.

Jumatatu ile, kabla kenta haijafika, Bibi alikuja hapa stoo na jembe. Alisema hakulala vizuri, aliwaza. Kama majani hayawezi bila jembe basi nichimbe, nianzie kona ya mbali, yeye atatazama pembeni. Na mimi nilijua hayawezi. Kuchimba ndiyo kitu cha kwanza Kipriani alichonifundisha. Ila jua lilikuwa linapanda, uwanja ni mgumu, na nilitaka Tharsisi akirudi akute kijani. Nikamwambia Bibi, rudisha jembe lako ndani, fundi hana shida nalo.

Hakulirudisha. Aliliegemeza hapa ukutani, nikibadili mawazo nisihangaike kulitafuta.