Ponti iliyonyamazishwa

"Mama, huile ni huile. Yote inatelezesha."

Alhamisi, mawingu mazito, mvua bado inajishauri. Sentensi hiyo imenikaa tangu Jumatatu kama mwiba wa samaki kooni. Aliisema Papa Deo, mwenye garaje mtaani kwetu hapa Mapendo, akiwa ameegemea gari langu mbele ya mafundi wake watatu, nao wakiitikia kwa vichwa kama waumini kwenye misa.

Kama huile ni huile, mafuta ni mafuta, basi na akaange samaki wake wa sambaza kwa ile anayomwaga kutoka kwenye malori, kisha aje anisimulie ladha.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wangu. Ni la milango miwili, la chini, la mbio, lililoundwa kwa barabara laini za Japani na kuletwa kuzeekea juu ya mawe ya volkano. Mtaa mzima ulimcheka alipolinunua, na mimi nilicheka kuliko wote. Sasa ni langu, na sicheki tena, kwa sababu ndilo gari pekee ninaloweza kulitegemea kumleta dada yangu.

Yaya Kahambu, dada yangu huyo mkubwa, yuko katika mji wa Kiwanja. Vita vimesogea tena, na watu wanaotoka vijiji vya juu wanapita mbele ya mlango wake na magodoro kichwani. Nyonga yake ilipasuliwa, hawezi kukaa juu ya pikipiki, hawezi kutembea zaidi ya uani. Barabara bado iko wazi, na hakuna anayejua itakuwa wazi hadi siku gani. Jumamosi lazima awe hapa kwangu.

Jumatatu nilipeleka gari garaje kwa sababu nyuma palikuwa pananguruma. Mafundi hawakuliendesha hata mita mia. Walisimama nyuma yake, injini inawaka, magurudumu yametulia, wakasikiliza kwa nyuso za madaktari. Mmoja akasema ni ekzosi. Mwingine akasema ni vita, kwamba siku hizi kila kitu kinapiga kelele. Wa tatu, aliye msomi wao, akasema magari ya mbio ndivyo yalivyo. Papa Deo akahitimisha kwa ile sentensi yake, akanionyesha pipa la mafuta ya malori, akaniambia kama nina haraka, yaya apande basi lake dogo la bluu litakalokwenda Kiwanja Jumamosi kuchukua watu. Kimya kabisa, alisema. Nikamkatia yaya nafasi.

Huu ni mji ambao kila mtu anajua kusikiliza. Muuza makaa anakuambia bila kuinua kichwa kama mlio uliotoka ng'ambo ya vilima ni wa kombora au wa bunduki nzito, na uko umbali gani. Lakini watu wanne wanaokula kwa masikio yao hawawezi kutofautisha gia na pete ya gololi.

Nadharau uvivu kuliko ninavyodharau ujinga.

Jumanne nikafanya mwenyewe. Nimesoma vitabu vingi, vingine vya bure kabisa, lakini kile cha matengenezo kilichokuwa chini ya kiti kinamheshimu msomaji: kinamwambia afanye nini ili ajue. Nikaliendesha hadi kwenye lami. Mlio ulipanda pamoja na mwendo. Nilibadilisha gia, haukubadilika, kwa hiyo si injini wala sanduku la gia. Nikalielekeza gari kushoto, kulia, kwa upole, kama mlevi mstaarabu. Haukubadilika, kwa hiyo si ruleman, zile pete za gololi, za magurudumu. Kisha kwenye rond-point, ule mzunguko wa barabara, nilipokata kona taratibu, nyuma pakalia na kurukaruka kama mbuzi anayevutwa na kamba.

Hapo ni ponti, lile sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Katika gari la namna hii, ndani yake mna sahani ndogo zinazobana magurudumu yote mawili ili moja lisizunguke bure. Sahani hizo zina mafuta yake: 75W-90, daraja la GL-5, yenye dawa ya kulainisha msuguano, na chupa yake huandikwa LS. Yale ya kwenye pipa, mazito kama asali ya baridi, ni mafuta mazuri. Kwa lori.

Nikaenda madukani Birere kuyatafuta. Muuzaji wa kwanza aliniuliza bwana wangu yuko wapi. Nikamwambia yuko makaburini, na hata huko anajua mafuta kuliko yeye. Duka la tatu ndilo lililokuwa nayo, chupa mbili za mwisho, vumbi juu.

Jana, Jumatano, nililiinua gari uani, nikalikalisha juu ya magogo. Nilianza kulegeza nati ya tundu la kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Mafundi wa mji huu hufanya kinyume: wanamwaga kwanza, halafu wanagundua ya juu imekwama, na gari linabaki tumbo tupu. Nikaweka beseni, nikafungua ya chini.

Hayakutoka mafuta. Ulitoka uji.

Uji wa kahawia, wenye nyuzi. Niliusugua kati ya vidole, nikanusa. Unga wa mbao, ule unaofagiliwa chini ya msumeno wa seremala, uliokandwa na grisi. Ni hila ya zamani ya wauza magari wabovu: unashindilia ponti iliyochoka, gia zinatafuna mto huo laini, mlio unakufa. Gari linakuwa tulivu kwa miezi kadhaa. Kisha uji unaziba njia za mafuta, ruleman zinaungua, na siku moja magurudumu ya nyuma yanakamatana barabarani.

Nilimwita Papa Deo. Alikuja akijifuta mikono, akachungulia beseni bila aibu yoyote, kama mtu anayeitambua sahani yake.

"Mama, ni weye ulisemaka hautaki kusikia tena ile makelele," alisema. "Haukusema nitengeneze. Ulisema hautaki kusikia."

Ni kweli.

Naandika hili polepole kwa sababu linaniuma. Mwaka jana, wiki chache baada ya mazishi, nilimkabidhi ufunguo na nikasema maneno hayo hayo. Mlio ule ulikuwa ukinirudishia safari zetu za Jumapili, na sikuwa na nguvu. Sikuuliza angefanya nini. Gari liliporudi kimya nilimshukuru. Mimi, ninayewatukana wakubwa kila wiki kwenye blogu hii kwa kutaka mji ulionyamaza badala ya mji uliopona, nilimwagiza fundi wangu kitu kile kile. Akatii. Hakuna anayetiiwa haraka kama mtu anayeomba kudanganywa.

Lakini hasira yangu haikuisha, ilihama tu. Nikamuuliza juu ya basi la bluu. Aliangalia mawingu.

"Ile inatembea muzuri, mama. Haisikiki."

Sikuwa nimemuuliza kama inasikika.

Nikampigia yaya simu, nikamweleza yote: unga, grisi, basi, na kwamba gari letu lina mlio. Nyuma yake nilisikia watoto wengi, si wa kwake. Amewapokea watu wa familia mbili sebuleni.

"Kuya na ile gari ya makelele," alisema. "Angalau nitasikia wakati unafika."

Nikaiosha ponti mara mbili kwa mafuta mepesi ya bei rahisi, nikizungusha magurudumu na kumwaga, hadi yakatoka safi. Nikapitisha sumaku kwenye beseni. Ilishika unga mwembamba wa kijivu, hakuna kipande hata kimoja, maana yake meno ya gia bado ni mazima. Nikajaza yale ya Birere hadi yakachuruzika kwenye tundu la juu, nikafunga.

Leo asubuhi nililipeleka kwenye uwanja wa parokia na kuzunguka kwa umbo la tarakimu nane, mara kumi na zaidi, mbele na kinyumenyume, ili sahani zinywe mafuta. Katekista alisimama na ufagio akinitazama, akauliza kama ni ibada mpya. Kufikia duara la mwisho kurukaruka kulikuwa kumekwisha.

Mngurumo wa mwendo umebaki, na sasa ni mkubwa kuliko Jumatatu. Hauna pa kujificha. Ni ruleman ya mbele ya ponti, imechoka, haijafa. Nitakwenda taratibu, nitasimama kila baada ya muda na kuweka kiganja juu ya chuma. Kikiwa cha kuunguza, nangoja. Mlio ukibadilika, nitajua. Nimejifunza sauti yake upya. Ruleman mpya nitaitia nikirudi, kwa fundi mwenye haya, kama bado yuko mmoja.

Swali moja limebaki, nalo si langu peke yangu: ndani ya ponti ya basi lile mna nini? Nafasi ya yaya katika basi la bluu nimeiacha, na mtu mwingine ameshaichukua.

Papa Deo, najua haya yanakufikia. Mafundi wako hukusomea kwa sauti kila nikikutaja. Una kesho nzima. Ingia chini ya basi lako, fungua ponti, mwaga kwenye beseni, na uliweke beseni hilo kwenye mlango wa garaje ambapo kila mtu atalichungulia. Yakiwa mafuta, nitakuomba msamaha hapa hapa, kwa jina langu. Ukiwa uji, basi lisitoke.

Na ninyi mnaotuma basi hilo kuwachukua mama zenu Kiwanja, msiulize kama liko kimya. Simameni mlangoni kesho, mdai beseni, mtie kidole.