Keki Mara Kumi na Tisa, Baba Hata Mara Moja

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze ila usinitupe, maana tangu wiki iliyopita chakula hakipiti na kila simu ikiita nashtuka kama mwizi.

Mimi ni mpiga picha, mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina studio ya vyumba viwili ninayoiendesha na mume wangu, yeye anahariri picha na mimi ndiye ninayeshika kamera, na kwa miaka kumi na moja tumeishi kwa kamera mbili za kawaida, nyepesi, zenye mbio, ambazo ningeweza kuzitumia nimefumba macho. Mwanzoni mwa mwaka huu nikaziuza zote mbili nikanunua kamera moja ya fomati ya kati, hizi mpya zisizo na kioo ndani, ambayo kile kipande chake kinachopokea mwanga ni kikubwa kuliko cha kamera za kawaida, na mume wangu alinionya, akasema, "Mama watoto, hiyo ni kamera ya watu waliokaa, sisi riziki yetu ni watu wanaocheza," nikamjibu kwamba ana wivu na maendeleo.

Na kamera yenyewe siwezi kuisingizia, mshauri. Rangi ya ngozi inaitoa kama ilivyo, haitupaki majivu, uso ulioingia kivulini inauinua na macho bado yanaonekana, na picha ukiikuza mpaka ikajaa ukuta unaweza kuhesabu kope. Lakini ni nzito, shingo inaniuma, mafaili yake ni makubwa mpaka kompyuta yetu ikifungua moja chai inapoa, fokasi inaitafuta polepole, na ukifyatua mfululizo inafika mahali inagoma mpaka imalize kuhifadhi zile ilizokwisha kupiga. Yote hayo nilikuwa nayajua na nikajifanya siyajui.

Basi, miezi mitatu iliyopita nilipiga harusi ya binti mmoja ambaye baba yake alikuwa amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vimelegea, yuko kwenye kiti cha magurudumu. Asubuhi nilikwenda nyumbani kwao, nikamsogeza mzee dirishani, nikampiga picha moja ametulia, na hapo kamera ilifanya kazi yake, lakini mume wangu alipoiona akasema haifai kumpa mteja kabla hajairekebisha, kwa sababu inaonyesha mpaka pale alipojikata kidevuni, maana alikataa kunyolewa akajinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, na inaonyesha kifungo cha pili cha shati lake jeupe kimeshonwa kwa uzi wa bluu, kwani kilikatika dakika za mwisho na bi harusi mwenyewe, shela liko kichwani, ndiye aliyekishona kwa uzi wa kwanza aliouona huku sisi wote tunamharakisha. Kwa hiyo nikaiweka pembeni, na sijampa mpaka leo.

Alasiri, ukumbini, nilikuwa nimeinama mbele ya keki, ghorofa zake nne zinapendeza mno kwenye kamera ile, nikafyatua, nikafyatua, mara kumi na tisa, na ndani nilikuwa nimeweka kadi za zamani za kuhifadhia picha, za zile kamera nilizouza, ambazo kwa mafaili makubwa ni za polepole, nikiona bado nzima za nini kununua nyingine. Muziki ukaanza, nikasikia watu wanapiga kelele, nikageuka, mzee amesimama! Hakuna aliyepanga, hata bi harusi hakujua, amejiinua kwenye kiti kashika bega la mwanawe na wanakwenda, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikabonyeza, kamera kimya, kitaa chekundu kinawaka, bado inameza keki. Ilipomaliza ikaanza kutafuta fokasi, ikaenda kwenye pazia, ikarudi, ikaenda tena kwenye pazia, na ilipofyatuka mzee ameshaketi. Nina picha nzuri sana ya pazia.

Mzee alifariki wiki tano baadaye. Binti yake akanipigia, sauti imekauka, akaniambia, "Dada, ile ya baba amesimama, naitaka hata kama haikutoka vizuri," nami kwa woga nikamwambia ipo, inahaririwa. Nimemwambia hivyo mara nne. Sasa mume wangu kwa kunihurumia ameitengeneza, kachukua uso wa mzee kutoka ile picha ya dirishani, kaubandika kwenye mwili wa mjomba wa bwana harusi aliyecheza na bi harusi baadaye, na mshauri, huwezi kujua. "Mpe," ananiambia, "atalia kwa furaha, nani anaumia hapo?" Binti anakuja Jumamosi kuichukua. Nimpe? Au nimwambie ukweli anichukie maisha yake yote? Na hii kamera niiuze? Maana kila nikiitazama naiona keki.

Ni mimi, Mwenye Picha ya Pazia

*

Mwenye Picha ya Pazia, keti kwanza, upumue. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa na hasira, ya pili nikiwa na leso.

Tuanze na hasira tuimalize. Keki, mdogo wangu! Keki ilikuwa inakwenda wapi? Ungeipiga mara mbili ukaondoka, ungeikuta palepale na ghorofa zake. Mtu ana mzigo wa kamera usiopenda haraka, halafu anaulisha kadi za zamani, halafu anaumaliza pumzi kwenye sukari wakati watu wenye damu wako nyuma yake. Mumeo alikuonya, ukamwita mwenye wivu. Kamwombe radhi leo hii. Ukishamwomba radhi mwambie afute alichokitengeneza, kwa sababu na yeye zamu yake ya kukosea imefika.

Unasema huwezi kujua. Wewe huwezi, na mimi siwezi. Binti yule alibebeshwa uzito wa baba yake begani kwa hatua tatu. Anajua aliegemea wapi, anajua mguu upi uliburuzika. Mjomba wa watu amesimama wima, ana afya zake. Binti ataipokea picha hiyo, atakushukuru, ataitundika, na siku moja akiwa peke yake sebuleni atajiuliza mbona baba kasimama sawasawa hivi. Baada ya hapo hataamini tena hata kile alichokiona kwa macho yake. Mumeo anauliza nani anaumia. Huyo ndiye anayeumia.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Nenda kwake wewe, na uende mapema, kabla hujajitungia hotuba. Mwambie, "Picha ile sina. Baba yako aliposimama mimi nilikuwa napiga keki. Nimekudanganya mara nne kwa sababu niliogopa." Uishie hapo. Usimletee habari za kadi na kitaa chekundu, mtu aliyefiwa hakai kufundishwa kamera. Atalia. Huenda akakuonyesha mlango, na akikuonyesha toka, ukae nje kidogo usikimbilie nyumbani. Mimi naona kukosa picha atakusamehe, hata kama si siku hiyohiyo. Uongo wa mara nne utachukua muda zaidi, na huo muda ni wake, usimharakishe kama mlivyomharakisha na sindano mkononi.

Lakini kabla hujaenda, fanya kazi. Ukumbi mzima ulipiga kelele, usiniambie hakuna hata mmoja aliyeinua simu akapiga picha. Mtafute mshereheshaji, watafute shangazi za pande zote mbili, watafute waliokaa meza za mbele, mmoja mmoja, wala usiweke tangazo kwenye kundi la simu ukalala. Itapatikana iliyotikisika, yenye kidole cha mtu na kichwa cha mhudumu. Ichukue hivyohivyo. Mumeo asiifute hata kile kidole. Na isipopatikana, mwambie kwamba umetafuta.

Kuhusu kamera, usiiuze kwa hasira, utajuta mara ya pili. Wewe mwenyewe umeisifu na naona sifa zile ni za kweli. Haikukukosea chochote. Uliitoa kwenye kiti na dirisha, mahali inapojua kazi, ukaipeleka kwenye muziki, ukashangaa imechelewa kuanza kucheza. Iache studio, itumie kwa wazee, kwa wachumba, kwa watoto waliolala. Kwa harusi tafuta tena kamera nyepesi, hata ya kuazima kwa mwenzako, na shingo yako itanishukuru. Na kadi nunua mpya, tafadhali.

Sasa jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya nitafute leso. Katika barua yako kuna picha moja uliyoitaja haraka haraka, unaionea haya, umeifungia miezi mitatu kwa sababu mumeo hajairekebisha. Ifungue. Ichapishe kubwa, kubwa kiasi kamera yako inavyoweza. Kidevu kisiguswe. Uzi usiguswe. Ukimaliza kumwambia ukweli, muulize kama yuko tayari kuiona, na akikubali mpe, unyamaze.

Baba yake akicheza walimwona wageni wote. Huyu wa kwenye picha ya dirishani hajaonekana na mtu ila wewe na mumeo. Amejinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto ili apendeze kwa ajili ya mwanawe, na kifuani kwake kuna kifungo ambacho mwanawe amekishona akiwa na shela kichwani. Kamera nyingine yoyote ingeupoteza ule uzi. Yako imeutunza, nawe umemficha aliyeushona. Mpelekee, aone kwamba siku ile baba yake alitoka nyumbani amevaa kazi ya mikono ya mwanawe.