Rampu Iliyong'aa

Fundi wangu, Baba Rehema,

Nimekusema vibaya mbele za watu. Nataka uyapate maneno hayo kwangu mimi Martina, mwanafunzi wako, kabla hujayapata kwa mwingine atakayetangulia kuja huko. Ilikuwa pale duka la dawa, mchana, foleni imefika barazani, na nilisema kwa sauti. Tangu siku hiyo natembea mjini kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi.

Unakumbuka mkoa ulipokuwa mchanga? Babati nzima ilinuka saruji mbichi. Kila mwenye kiwanja kando ya barabara alitaka fremu za maduka, na kila mwenye fremu alitaka sakafu ya Fundi Bakari, kwa sababu ya niru yako. Ulimwaga ule uji wa saruji, ukausugua kwa mwiko mpaka mtu akainama na kuona sura yake chini. Nilikuja kwako kutoka Bonga na mikono ya jembe. Ukaniita Mhandisi kwa ajili ya maswali yangu yasiyokwisha. Watu walipocheka kwamba mwanamke anachanganya zege, ulisema zege halijui nani amevaa gauni.

Kisha tukapewa rampu yetu ya kwanza, njia ya zege ya kupandishia kiti cha magurudumu, mbele ya duka la dawa. Mteremko wake uliupatia. Kwa kila futi moja ya kupanda, futi kumi na mbili za kwenda. "Panda kidogo, nenda sana," uliniambia, na mpaka leo najisemea hivyo hata nikiwa napika. Ila ulipomaliza, kwa kuipenda kazi yako, ukaipiga niru. Iling'aa, Fundi. Mwenye jengo alivuka barabara ili aitazame vizuri kwa mbali. Ukabonyeza dole gumba lako kwenye kona ya chini, kama ulivyofanya kwa kila kazi yako, tukaenda kunywa chai.

Mvua ya kwanza ilimkuta Mama Kulwa, mteja wa kiti cha magurudumu, katikati ya rampu. Kiti chake kilianza kurudi nyuma taratibu, yeye akiyang'ang'ania magurudumu, kikampindua mtaroni. Hakuvunjika. Mwenye jengo alipokuuliza, ulimjibu kwamba matairi ya yule mama yamekwisha. Nilikuwa kando yako nimeshika ndoo, na mimi mwenye maswali sikusema neno.

Kuanzia hapo kila rampu tuliyojenga, Sigino, Bagara, popote, uliifagia ikiwa bado mbichi. Ulishika fagio la chelewa ukalivuta kukatisha njia, mstari baada ya mstari, ili matairi yapate pa kushika. Hukuniambia kwa nini. Sikukuuliza.

Mama Kulwa alikuamini. Alinunua matairi mapya, akajaribu tena siku ya mvua, akateleza tena. Akaacha. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja chini barabarani, na muuzaji anatoka mlangoni kumuuliza kwa sauti kama anataka zile za presha au zile nyingine. Waendesha bodaboda wote wa pale walijua anaumwa nini. Yeye alicheka nao, na mimi nikipita nilijifanya nina haraka.

Ulipolala kitandani, kifua kimekuchosha, ulinishika mkono. "Martina," ukasema, "ile ya duka la dawa usiiache ing'ae." Hukuniita Mhandisi. Ukageukia ukutani, na hatukulizungumza tena. Wiki ile ile ukaondoka.

Nyumbani kwako, kabla jeneza halijatoka, tuliombwa kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Uani kote tukaitikia kwamba tumesamehe. Mama Kulwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, na yeye akaitikia. Hakujua anasamehe nini. Hilo ndilo lililonitesa kuliko hata kilio chenyewe.

Mara mbili nilimwendea mwenye jengo kumwomba niivunje. Mara zote mbili alisema wewe mwenyewe ulishamwambia ni matairi, na mimi ni nani wa kumpinga marehemu. Kabla ya kurudi mara ya tatu nilikwenda kwa Rehema wako, nikamweleza ninachotaka kusema. Akaingia ndani, akatoka na fagio lako, akanipa.

Mara ya tatu Mama Kulwa alikuwa pale chini, anasubiri dawa zake. Wanasema marehemu hasemwi. Wanasema pia mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia mwenye jengo kwa sauti, "Kosa lilikuwa letu, mzee. Fundi alijua na mimi nilijua. Tulipiga niru mahali pa kufagia."

Mama Kulwa alitazama viganja vyake, akavigeuza upande huu na upande huu. "Kumbe si mikono yangu," akasema.

Baba Rehema, miaka yote hiyo alidhani mikono yake imeishiwa nguvu. Nililia pale pale, mbele ya foleni, na ninajua ungelia na wewe. Mwenye jengo alikohoa, akasema basi nivunje, ila nianze asubuhi kabla wateja hawajawa wengi.

Niliivunja kwa nyundo kubwa na tindo. Kile kipande chenye dole gumba lako kilitoka kizima, kikanijaa mkononi. Nilifikiri nimpelekee Rehema. Halafu nikakilaza chini kabisa pamoja na kokoto, nikamwaga zege juu yake, ili hii nayo iwe kazi yako. Nikafagia. Mstari wa kwanza ulipinda, wa pili ukanyooka.

Siku saba niliimwagilia maji na kuifunika magunia. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ukungu ukishuka kutoka mlima Kwaraa, watu wakinisalimia kana kwamba wako mbali. Adhuhuri moja nilisinzia nikakuona. Ulikuwa unapanda rampu iliyoanzia sokoni, ikapita juu ya mapaa ya bati, ikaendelea juu ya ziwa, na viboko wamelala chini yake ndani ya maji yaliyotulia. Hukuwa unakohoa. Ulifagia mbele yako kila hatua, polepole, unapanda kidogo, unakwenda sana. Nilikuuliza kama umenikasirikia. Uliendelea kufagia. Nilipozinduka magunia yalikuwa yamekauka, nikakimbilia maji.

Siku ya nane ikanyesha manyunyu. Nilimtuma mtu kwa Mama Kulwa kumwambia asubiri jua. Alikuja kwa sababu ya hayo manyunyu. Alisimamisha kiti chini ya rampu, akapangusa viganja kwenye kitenge chake. Nilisogea nimsukume, akatikisa kichwa. Magurudumu yakaanza kukwaruza juu ya mistari ya fagio lako, sauti ndogo sana, na hayakurudi nyuma hata mara moja. Alifika mlangoni akipumua kwa nguvu. Akaingia, akaufunga mlango.

Tulibaki nje, mimi, mwenye jengo na wale bodaboda, tumetega masikio kwa mazoea. Hatukusikia kitu.

Sasa pumzika, Fundi wangu. Nakuahidi nitafagia kila njia nitakayojenga, na siku nikikosea nitasema mwenyewe, siku hiyo hiyo, ndoo ikiwa bado mkononi. Usinung'unike juu ya yale niliyoyasema barazani. Mama Kulwa alipotoka nilimwomba radhi, yangu na yako. Amesema nikuambie amekusamehe tena, na safari hii anajua anachosamehe.

Mhandisi wako,
Martina