Mala Moja

Bungoma, Jumatano, Julai 2007. Mvua haijakatika tangu mchana. Niko saiba karibu na hospitali, naandika haraka kabla muda wa kompyuta niliolipia haujaisha, kwa hivyo mkiona makosa nivumilieni.

Mama yuko wodini. Mimi ndiye niliyemfikisha huko.

Wanaonijua wanajua nafundisha kemia Kitale. Nyuma ya maabara yetu umeota mnanaha, ule mmea wa maua meupe marefu na matunda yenye miiba. Nikiwaeleza wanafunzi kwamba ndani yake mna alkaloidi, atropini na mwenzake skopolamini, zinazolegeza mirija ya mapafu na zikizidi zinavuruga akili, huniona bingwa. Nilisoma kwamba zamani wenye pumu walivuta moshi wa majani yake. Mama ana pumu. Wiki jana dawa yake ya kupuliza ilikwisha, nami kwa ujuaji wangu nikachuma majani, nikayakausha, nikayafunga kwa gazeti na kumtumia.

Sikusema ni ya kuvuta moshi. Kwangu lilikuwa jambo wazi. Kwa Mama, dawa ya majani hunywewa.

Jana asubuhi alinipigia simu. Mama hutamka l mahali pa r, na maisha yangu yote nimemtania kwa hilo. Akaniuliza, "Mwalimu, hii dawa ni mala moja?"

Nikamsahihisha kichwani kama kawaida, nikamjibu ndiyo, moja tu. Kengele ilikuwa imelia. Nikakata simu nikaingia darasani.

Alikuwa anauliza maziwa ya mgando, anayochanganya na kila dawa chungu. Pakiti moja ya mala.

Aliyaloweka majani humo, akanywa yote. Tena alkaloidi ni besi, na asidi huzitoa kwenye majani vizuri kuliko maji matupu. Maziwa yaliyochachuka yana asidi. Hilo huliandika ubaoni kila mwaka.

Mchana dada yangu Nekesa, anayeishi naye, akanipigia kusema Mama anaongea na watu walio ukutani. Kutoka Kitale mpaka Bungoma nilijiambia ni malaria. Nilitaka sana iwe malaria.

Nilipofika hospitali alikopelekwa na Nekesa, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, mboni zimepanuka hadi macho yamekuwa meusi tupu. Vidole vyake vilikuwa vinapukuchua mahindi juu ya blanketi. Hapakuwa na mahindi. Daktari akaniuliza amekula nini. Nilijua ni yale majani, nikasema sijui. Niliogopa polisi, niliogopa kufutwa kazi, na kwa woga huo nikamwacha mama yangu pale, moyo wake ukienda mbio.

Nekesa ndiye aliyetoa pakiti tupu kwenye mkoba. "Si alikunywa majani yako. Ati ulimwambia aweke kwa mala moja."

Ndipo nikasema yote. Daktari hakunigombeza, aliandika tu na kuondoka haraka kutafuta dawa. Afadhali angenigombeza.

Leo moyo wake umepungua kasi. Ananitambua. Macho bado hayajarudi, na daktari anasema tungoje. Nimengoja kutwa nzima, kila akinyamaza namsogelea nione kama anapumua.

Saa kumi nesi alimwachia vidonge kwenye kikombe kidogo. Mama akakisogeza karibu na uso, hakuona vizuri, akanigeukia.

"Mwalimu, hizi nimeze mala ngapi?"

Nikamuuliza polepole anamaanisha nini, anauliza mara ngapi kwa siku au anataka maziwa ya kumezea.

"Si wewe ndiyo unajua," akasema. Kisha akafungua mdomo, akangoja nimpe.

Nilikimbia kumwita nesi.

Na kesho akinifungulia mdomo tena, nitamwambia nini?