Kwa Kiguu na Njia Wetu, Mtangazaji Aliyeipigania Kona ya Skrini

Mwaka umezunguka, Dada, tangu uanguke kwenye ile korido ukisubiri kuitwa, na watu wa nyumba hii bado hatujajua kukaa. Mama huanza kukunja nguo, akaziacha katikati, akaenda kufungua geti ambalo hakuna aliyegonga. Shemeji huwasha televisheni, huizima, huiwasha tena. Wanao wamebadilishana vyumba mara sijui ngapi. Huyu anasema kile kina joto, yule anasema hiki kina kelele. Hakuna joto wala kelele. Ni wewe ambaye hupo.

Mama ameniambia niandike mimi, mdogo wako, kwa kuwa ndimi niliyezoea kukujibu. "Sisi wengine tulikuwa tunamsikiliza tu kama taarifa ya habari," amesema. Basi nazungumza na wewe, na wanaotaka kusikia wasikie.

Marehemu Baba alikuita Kiguu na Njia kabla hujaanza shule. Ukitumwa chumvi, ulirudi na chumvi pamoja na mambo ya mtaa mzima: nani kahama, nani kanuniana na nani, paka wa nani kazalia kwenye kapu la nguo. Halafu unapanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwiko mkononi, unatusomea. "Na sasa habari za nyumbani. Sufuria limeungua. Mhusika anajulikana, ila jina lake tumelihifadhi kwa sababu za kiusalama." Mhusika nilikuwa mimi, na usalama niliukosa.

Kutoka kwenye ndoo ulikwenda redioni, na kutoka redioni ukaenda kwenye televisheni. Watu walikujua kwa nguo zilizokukaa na sauti isiyotetereka. Sisi tulikujua kwa mabuti ya mpira nyuma ya mlango, na kwa vikombe vya chai vilivyonywewa nusu, kimoja dirishani, kimoja juu ya friji, kimoja bafuni. Mama alikuwa akivikusanya huku akinung'unika, "Huyu mtoto chai yake ataimalizia mbinguni." Siku hizi hasemi hivyo.

Mpiga picha wako ametusimulia siku kiwanda cha magodoro kilipoungua. Mlimkuta mama mmoja amekaa ukingoni mwa barabara, anamngoja mumewe atolewe ndani. Waandishi wengine walikuwa wamemsogezea vipaza sauti mpaka mdomoni. Wewe ulikiweka chako chini, ukachuchumaa, ukamuuliza, "Umekula chochote tangu asubuhi?" Mpiga picha akakunong'oneza kwamba muda unakwenda. Ukamjibu, "Uende." Jioni mhariri mkuu alikufokea kwa kuchelewesha habari. Lakini baada ya mazishi yule mama alikupigia simu wewe, si wale wengine, akakueleza kuwa milango ya kiwanda ilikuwa imefungwa kwa nje. Ndiyo habari iliyompeleka mwenye kiwanda mahakamani.

Tungeweza kuishia hapo na ingetosha kujivunia. Ila yakaja yale maji.

Lori la kemikali lilipinduka karibu na chanzo cha maji ya mji. Jioni ile ulisoma tangazo, ukalirudia: msinywe maji ya bomba, msipikie, hata mkiyachemsha. Ulikuwa umevaa gauni la buluu alilokushonea fundi cherehani wa mtaani kwetu. Fundi ni kiziwi tangu utotoni, na mkewe pia. Walikuwa wamekaa mbele ya televisheni yao, wanakutazama. Kwenye skrini hapakuwa na maandishi wala mtu wa kuwatafsiria. Walimwona jirani yao anaongea kama anavyoongea siku zote. Na majirani, kila mmoja alidhani mwenzake ameshawapa taarifa.

Asubuhi mkewe alikinga maji, akachemsha chai. Fundi alikuwa amewahi kwa mteja, hakuonja. Mchana yule mama alikuwa hospitalini. Alikaa huko siku nyingi, akatoka mzima, lakini mimba aliyoingia nayo hakutoka nayo.

Ulikwenda kuwaona kule hospitalini. Dada yake fundi, mwalimu wa lugha ya alama, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Fundi alipokuona mlangoni alisimama, akasema jambo kwa mikono yake. Mwalimu hakulitafsiri.

"Amesema nini?" ukauliza.

"Achana nayo, dada."

"Niambie."

"Anasema jioni ile walikuona. Anasema gauni lilikukaa vizuri."

Ulirudi nyumbani kwa miguu. Gari uliliacha pale pale hospitalini, na Shemeji ndiye aliyekwenda kulifuata. Hukula, hukulala, na tangu siku ile hukutulia tena. Na kutulia kwako kwenyewe tulikuwa hatukujui.

Kila kikao cha asubuhi cha chumba cha habari ulisema jambo moja: awekwe mkalimani wa lugha ya alama kwenye kona ya skrini. Mhariri mkuu alikuwa na majibu mengi. Kwanza hakuna fungu. Halafu hakuna wakalimani. Mwisho akasema wazi kwamba kona ile ni ya matangazo ya biashara. Ukamwambia, "Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa wapo, mkubwa. Mbona lao halipo?" Akaendelea kupekua simu yake. Ulipofika nyumbani ulituambia, "Leo kikaoni kiziwi alikuwa mmoja tu, na hakuwa fundi."

Ukaanza kujifunza alama kwa yule mwalimu. Vidole vyako vilikuwa vinacheza mezani, kwenye usukani, hata kanisani wakati wa sala. Mama alinivuta pembeni akaniuliza kama umepatwa na ugonjwa wa mishipa. Nikamwambia unajifunza kuongea. "Kuongea tena?" akashtuka. "Huku alikonako hakumtoshi?"

Kisha ikaja ile jioni ambayo wengi mnaosoma mnaikumbuka. Ulimwingiza mwalimu studio kama mgeni wa mahojiano. Taarifa ya habari ilipoanza, ukasogea kidogo, yeye akavuta kiti akakaa bega kwa bega na wewe, nawe ukawatangazia watazamaji: "Leo habari hizi ni za wote." Muongozaji alikupigia kelele kwenye kifaa cha sikioni. Ulikichomoa, ukakiweka mezani, ukasoma kuanzia habari ya kwanza mpaka hali ya hewa, na mwalimu akatafsiri kila neno. Fundi alitoka nje ya kibanda chake akasimama katikati ya njia, mikono juu, anaipeperusha kama majani. Hatukujua wakati ule kwamba ndivyo viziwi wanavyopiga makofi.

Kesho yake ulisimamishwa kazi.

Siku za kukaa nyumbani zilikuwa adhabu yetu sote. Ulipanga makabati upya, ukapanga tena. Ulipaka rangi ukuta wa jikoni, hukuipenda, ukairudia. Shemeji, mtu wa upole, alikuwekea kiti barazani akakwambia, "Mke wangu, kaa japo kidogo." Ukamjibu, "Nikikaa nitaota mizizi." Alicheka, nawe ukacheka, lakini mkono wako ulikuwa kifuani. Tuliuona. Daktari alikuwa ameshakuonya kuhusu moyo, ukatuambia amesema upunguze chumvi. Kumbe alisema upunguze kazi.

Wakati wewe unapaka rangi, viziwi walianza kwenda kukaa mbele ya geti la kituo. Hawakuwa na mabango wala vuvuzela. Walikuja na vigoda vyao, wakakaa, wakaongea kwa mikono, wakaondoka jioni, wakarudi kesho. Mlinzi wa geti alikwambia kwenye simu, "Mama, wakubwa wameniagiza niwanyamazishe. Sasa nianzie wapi?" Wenye kampuni zilizokuwa zikitangaza kwenye ile kona walipoanza kuulizwa maswali na wateja wao, uongozi ukalegea. Mwalimu akapewa kona, na mkataba. Wewe ukarudishwa kazini, lakini meza ya kusomea habari wakampa mwingine. Ukarudi kwenye mabuti na matope.

Nilikasirika kwa niaba yako. Nilikuuliza hivi kweli umekubali.

"Wamechukua kiti, nimepata kona," ulisema. "Nani kati yetu amepunjwa?"

Nilijua inakuuma. Kila saa ya habari ulikuwa unatafuta kazi ya kufanya uani.

Hukuishia hapo. Kona moja ya kituo kimoja haikuokoa mtu anayetazama kituo kingine. Mkaandika pendekezo la sheria, wewe na mwalimu na fundi: kila tangazo la dharura, kwenye kila kituo, liwe na mkalimani na maandishi. Mkapanda ngazi za ofisi nyingi. Mkaambiwa njooni kesho na watu ambao kesho yao haifiki. Hatimaye kamati ya bunge ikakubali kuwasikiliza.

Siku ile walichelewa kuwaita. Mwalimu anasema ulikuwa unatembea kwenye korido, kwenda na kurudi, unarudia maneno yako kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja. Akakuomba ukae. Ukamwambia, "Wakifungua huo mlango wanikute nimesimama." Ulipofika dirishani ukashika ukuta. Fundi ndiye aliyekudaka. Mlango ulipofunguliwa, ulikuwa umelala mapajani mwake, na kikao kikaahirishwa.

Kwenye mazishi yako watu wengi walilia bila sauti. Mwalimu alitafsiri mahubiri yote huku machozi yanamdondoka, hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa kazini.

Sasa nikupe habari ambazo huna. Kamati iliahirisha tena, kisha tena. Safari ya tatu Mama alivaa viatu vyake vya kutokea, akasema anakwenda. Tulimzuia, magoti yake unayajua. Akatuuliza kama sisi ndio tuliomzaa. Alikwenda na fundi na mkewe. Walipomruhusu kuzungumza, alisimama, akashika meza, akasema: "Binti yangu hakujua kusubiri, ndiyo maana hayupo. Mimi najua. Nimesubiri watoto wakue, nimesubiri mume apone, hakupona. Ahirisheni mnavyotaka. Kila mtakapokaa, mtanikuta hapo kwenye korido." Mwalimu akatafsiri. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema muswada usomwe.

Umesomwa mara ya kwanza, Dada. Bado haujapita. Wapo wanaosema utapita, wapo wanaosema umewekwa kabatini. Kwa hiyo usingizi wetu ni wa mang'amung'amu, na mioyo inapaa simu ikilia. Tungependa kukuambia kwamba tumepoa. Tungekuwa tunasoma habari ambayo haijathibitishwa, na wewe hukuipenda tabia hiyo.

Wiki iliyopita mto ulijaa. Tangazo lilitolewa jioni, watu wa mabondeni wahame. Nilikuwa kwa fundi kuchukua suruali ya mwanao. Fundi akatazama skrini, akatazama kona, akaweka mkasi chini. Kisha akamwamsha mkewe, akambeba mtoto wao mchanga, binti waliyempata mwaka huu, wakatoka. Kabla mimi sijamaliza kusikiliza, wao walikuwa wameshafika barabarani.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mumeo, wanao wawili, mimi mdogo wako na kaka zetu, wifi na mashemeji, wapwa na binamu, mpiga picha wako na wenzako wa chumba cha habari, mwalimu, na fundi na mkewe, ambao Mama ameamuru waandikwe kwenye orodha ya ndugu.

Pumzika, Dada, kama huko wanakuruhusu kupumzika. Daima tunakukumbuka, na Jumatatu kamati inakaa, tunarudi kwenye korido.